Kuwavusha koi kwenye baridi kali: bwawa la nje

Huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, bwawa langu la koi, wale samaki wa mapambo wenye rangi, huganda Desemba, na mara nyingi barafu hulegea baada ya mwezi wa Machi kwisha. Kila mwaka kuna ndugu ananipigia simu kuuliza anunue hita gani ya kupasha maji yote. Usinunue. Baridi koi anaiweza. Anachoshindwa ni kukosa hewa na kusumbuliwa. Ila bwawa liwe na kina cha mita 1.2 au zaidi. Kama lako linakufika magotini, hamishia samaki kwenye tangi ndani ya gereji, na mwongozo huu umeishia hapo kwako.

Hatua ya 1: Zuia majani

Tandaza wavu juu ya bwawa kabla miti haijaanza kupukutika. Jani likizama linaoza, na chini ya barafu gesi zake hazina pa kutokea. Yaliyokwisha kuzama yachote, punguza na tope. Ukijazia maji ya bomba, tia dawa ya kuondoa klorini.

Hatua ya 2: Lisha kwa kipimajoto, si kwa huruma

Maji yakishuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, wape chakula cha kiini cha ngano, kidogo, maana hakiwalemei. Yakifika nyuzi 10, acha kabisa. Mmeng'enyo wa koi hufuata joto la maji. Chakula kikikaa ndani bila kusagika kinamletea maradhi. Novemba itakuja siku moja ya jua, wapande juu wakuachamie midomo kama watoto wa shule saa ya uji. Wageuzie mgongo. Akiba ya mafuta wanayo mwilini.

Hatua ya 3: Zima maporomoko

Bwawa langu lina maporomoko madogo ya maji yanayosukumwa na pampu. Mwaka wangu wa kwanza niliyaacha yatiririke kwa sababu yalipendeza. Barafu ikajijenga kwenye mawe, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikawa ukuta. Maji yakageuza njia, yakamwagikia kwenye nyasi usiku kucha. Asubuhi nilikuta bwawa limebaki nusu, pampu inanguruma kavu, na koi wanane wamebanana shimoni. Wawili hawakufika masika.

Hata bila ajali hiyo, maporomoko yana ubaya wake. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo hayo hutulia chini, na ndiyo blanketi la samaki. Ukiyazungusha juu kwenye upepo, unawavua blanketi. Toa pampu, chujio na taa ya UV (ya kuua mwani), mwaga maji yaliyobaki kwenye mabomba, weka vyote ndani ya nyumba.

Hatua ya 4: Acha tundu wazi

Barafu iwe na tundu ili gesi zitoke. Hita ndogo ya kuelea inatosha; kazi yake ni kuzuia tundu lisizibe, basi. Ongeza pampu ya hewa, na jiwe lake la hewa (kile kijiwe chenye vitundu kinachotoa viputo) lining'inie katikati ya kina, lisiguse chini, usije ukayavuruga yale maji ya nyuzi 4. Umeme utoke kwenye soketi ya nje yenye swichi inayojikata umeme ukivuja.

Umeme ukikatika tundu likaziba, usichukue nyundo. Mshindo unasafiri majini na kuwapiga samaki. Chemsha maji, weka sufuria juu ya barafu, ishikilie mpaka iyeyushe njia. Mimi huifunga kamba mkononi, maana sufuria ya mke wangu imeshazama mara moja. Theluji ikifunika barafu, fagia sehemu mwanga upite, la sivyo mimea iliyo majini haitatoa oksijeni.

Hatua ya 5: Usikimbilie masika

Barafu ikiisha, bakteria huchangamka kabla kinga ya samaki haijaamka. Kagua mapezi na tumbo kama kuna vidonda. Subiri maji yakae juu ya nyuzi 10 kwa wiki nzima, usiku na mchana, ndipo uanze na kile chakula cha ngano: punje chache saa za mchana, na zisizoliwa ndani ya dakika tano uzichote.