Jinsi ya kuomba cheti cha seva kinachojihuisha chenyewe, na mtoa huduma anahusika wapi

Cheti cha seva ndo kitambulisho cha tovuti yako mtandaoni, na zile siku za kuomba kwa mkono halafu unasahau mpaka mwakani zinaisha, maana kuanzia 15 Machi 2026 cheti kipya kinachoaminiwa na brauza kinadumu mwisho siku 200, 2027 zinakuwa 100, 2029 zinashuka hadi 47. Kwa hiyo panga uombe mara moja, kuhuisha iachie mashine.

Kabla ya yote ongea na mtoa huduma wako wa hosti. Muulize kama wanatumia ACME (utaratibu wa mashine kuomba na kuhuisha cheti yenyewe), ufunguo wa siri (faili la siri linaloendana na cheti) anatunza nani, na cheti kikigoma kujihuisha nani anashtuka kwanza. Akianza kuzunguka zunguka hama, kabisa yaani.

Kama hosti inafanya kila kitu, elekeza domeini kwenye seva yao, washa SSL (ile ya https) kwenye paneli, basi. Kama seva ni yako, weka programu kama Certbot, inatengeneza ufunguo wa siri humo humo kwenye seva (usimtumie mtu huo ufunguo, hata wa sapoti), inafungua akaunti kwa mamlaka ya vyeti (shirika linalotoa vyeti), kisha unathibitisha domeini ni yako.

Hapo kwenye kuthibitisha ndo watu wanakwama. Njia ya kwanza ni faili linalokaa kwenye /.well-known/acme-challenge/ na mamlaka inakuja kulisoma kupitia poti 80 (mlango wa http ya kawaida), sasa we umeifunga poti ukidhani ndo usalama, ombi linagonga mwamba. Ya pili ni rekodi ya TXT (ya maandishi) ya _acme-challenge kwenye DNS, daftari la domeini yako, na kwa Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, cheti cha nyota, kile cha subdomeini zote, lazima upitie huku kwenye DNS. Mtoa huduma wa DNS asipokuwa na API (njia ya programu kubadili rekodi yenyewe) utabandika rekodi kwa mkono kila mara, hiyo sio otomatiki. Tokeni ya API (nywila ya hiyo programu) nayo ipe ruhusa ya kubadili rekodi tu, isifungue akaunti nzima.

Cheki na CAA, rekodi ya DNS inayotaja mamlaka zinazoruhusiwa kutoa cheti cha domeini yako, kama rekodi ipo na mamlaka yako haijatajwa humo hupewi cheti.

Mwisho piga certbot renew --dry-run, ni jaribio tu la kuhuisha. Ikipita, hakikisha seva inajipakia upya baada ya kuhuisha, cheti kipya kinaweza kuwa kimeshaingia na wageni bado wanaonyeshwa kile kilichoisha. Na weka alamu yako mwenyewe, Let's Encrypt waliacha kutuma emaili za kukumbusha 2025.