Kabla hujafuta Windows, hakikisha Linux inaiona kadi yako ya mtandao

Mwalimu mmoja alipanda basi asubuhi kutoka Pangani mpaka Tanga mjini, mkononi laptopu aliyoipiga Linux, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, mwenyewe usiku. Windows ilishafutika, waifai haionekani, na draiva inayotakiwa, yaani programu inayoiwezesha Linux kuitumia kadi ya mtandao, iko kwenye intaneti asiyoweza kuifikia. Nauli na siku nzima vilikwenda kwa jambo ambalo waya wa kuchajia simu ungelimaliza nyumbani kwake. Iliniuma. Ndiyo maana naomba haya uyafanye mapema, kabla ya kufuta chochote.

Anza kwa kujua kadi iliyomo ndani. Usiitegemee stika ya nje, kwani laptopu nyingi za mtumba zimeshafunguliwa, na hata modeli moja huuzwa ikiwa na kadi tofauti. Tengeneza flashi ya Linux, washa kompyuta kwa flashi hiyo bila kusakinisha, fungua dirisha la amri na uandike `lspci -nnk`. Kwenye mstari wa kadi ya mtandao utaona namba mbili ndani ya mabano ya mraba, zimetenganishwa kwa nukta mbili. Zikianza na 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Ziandike zote kwenye daftari, kwa sababu ndizo utakazotafutia draiva. Kadi za kuchomeka kwa USB huonekana kwa `lsusb`.

Usifunge dirisha bado. Chini ya mstari huohuo tafuta maneno `Kernel driver in use`, kisha andika `ip link`. Watu wengi husema "Linux haisomi waifai" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe ni kadhaa. Kama `lspci` yenyewe haiioni kadi, draiva hazitakusaidia: kadi imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta inayotangulia mfumo endeshi), imelegea au imekufa. Kama inaiona lakini maneno yale hayapo, draiva ndiyo inayokosekana. Na kama draiva ipo ila `ip link` inaonyesha `lo` peke yake (njia ya ndani ya kompyuta yenyewe, si kadi), mara nyingi pengo ni famuwea, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Hapo `sudo dmesg | grep -i firmware` itakutajia jina la faili linalotakiwa.

Flashi za zamani za Debian, mojawapo ya aina za Linux, zilisumbua wengi kwa hilo la famuwea. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, famuwea zisizo huria zimo ndani ya flashi rasmi, kwa hiyo tumia toleo jipya. Mwenye Broadcom asilegee hata hivyo: apakue draiva yake mapema na kuiweka kwenye flashi ya pili.

Simu yako ya Android nayo iandae. Nunua bando, chomeka waya wa USB unaopitisha data, kwani nyaya nyingine huchaji tu, halafu washa sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Linux huichukua simu kama kadi ya waya. Lijaribu hilo ukiwa bado kwenye flashi.

Ukiona kwenye `ip link` kadi imeitwa `enp3s0` au `wlp2s0` badala ya majina ya zamani `eth0` na `wlan0`, usishtuke. Majina hayo mapya yalikuja na systemd, programu inayoiwasha na kuisimamia Linux, mwaka 2013 na hufuata mahali kadi ilipochomekwa. Kadi ikionekana lakini imezimika, andika `rfkill list`. Huenda swichi ya ubavuni imeguswa tu.

Kwetu pwani kuna la ziada. Hewa ya chumvi hula miguu ya shaba ya kadi, hasa kwa wanaokaa karibu na maji kama Raskazone. Kadi inayoonekana leo na kesho kupotea, zima mashine, chomoa betri, itoe, sugua miguu yake taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, pangusa vumbi lake, irudishe, kisha rudia `lspci`.