Jinsi ya kutoa mafuta ya kivumbasi na kujua kuna kemikali gani ndani

Watu wengi wanachuma kivumbasi cha porini wanakichemsha wanasema ni dawa, sawa, lakini vivumbasi viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kuwa na mafuta tofauti kabisa, kwahiyo jua kwanza umeshika nini.

Chuma kikiwa kinatoa maua, kausha kivulini siku mbili tatu, usianike juani maana harufu ikiondoka ujue ndo mafuta yenyewe yanaondoka. Chukua sufuria kubwa, weka maji kidogo chini, jiwe katikati na bakuli juu yake, majani yazunguke, alafu funika na mfuniko uliogeuzwa, juu yake weka barafu. Mvuke unapanda na mafuta, ukigusa baridi unadondokea kwenye bakuli. Moto uwe mdogo na usifunue funue. Mimina kwenye glasi nyembamba, acha itulie, vuta mafuta kwa bomba la sindano. Usitegemee mengi, ni matone tu, kilo nzima ya majani mabichi kwa kawaida haifikishi hata gramu 10.

Sasa nusa. Ukiskia karafuu, hapo kuna yujenoli, ileile ya karafuu za Pemba, na hii ni nzito kuliko maji kwahiyo angalia na chini ya glasi sio juu tu. Kivumbasi kikubwa (Ocimum gratissimum) cha Kenya mara nyingi kina hiyo, ila mmea huohuo Nigeria unatoa sana thaimoli, yenye harufu kali ya dawa ya kusukutua mdomo. Ukiskia kafuri basi huenda ni ndugu yake, Ocimum kilimandscharicum, ndio huo wakulima wa pembeni mwa msitu wa Kakamega wanaulima na kutengenezea dawa ya kuchua.

Pua inakupa jina tu, haikupi kiasi. Ukitaka asilimia peleka sampuli maabara ya chuo yenye mashine ya gesi kromatografia, inatenganisha kila kemikali na kukuonyesha ipi ni nyingi, na uwaandikie ulichuma wapi na mwezi gani maana udongo, msimu na aina ya mmea vyote vinabadilisha majibu. Kama unauza, kwa kweli usiruke hatua hii.

Tunza kwenye chupa ndogo ya kahawia, ijae, sehemu ya baridi. Usinywe, na usipake bila kuchanganya na mafuta ya nazi, tone moja kwa kijiko cha chai linatosha. Yale ya kafuri weka mbali kabisa na watoto, mtoto akimeza kidogo tu anaweza kupata degedege, mkimbize hospitali hapohapo na chupa uende nayo.