Kuiandaa shotigani ya mtutu mmoja kwa vichaka vizito

Mimi ni seremala, kazi zangu ziko Keko, Dar es Salaam, na kitu cha kwanza ninachokiangalia kwenye bunduki ni kitako. Watu wanausifia mtutu, lakini kwenye vichaka vya ukanda wa Pwani, ambako kwale anaruka karibu na miguu yako na kupotea kabla hujavuta pumzi, kitako ndicho kinachoamua kama risasi yako itafika. Mwenye mtutu mmoja hana risasi ya pili ya kujisahihisha. Bunduki ipande begani ikiwa tayari inatazama pale jicho linapotazama.

Kabla ya kugusa msasa, hakikisha makaratasi yako yamekamilika: umiliki wa silaha kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ya kuwinda inayotaja ndege au mnyama na eneo. Kororo, yule kanga mwenye kishungi anayependa msitu mzito, usimfikirie mpaka umesoma leseni na kumkuta ndani yake. Mtutu haukatwi na namba za silaha haziguswi. Najua kuna wanaoamini mtutu mfupi ndio wa vichakani, na mimi napinga kabisa. Ukikata mdomo wa mtutu unaondoa choki yote, yaani ule mbano wa mdomoni unaokusanya marisawa (vile vitufe vidogo vya ndani ya risasi), unapandisha mlio masikioni mwako, na bunduki inakosa uzito wa mbele unaoisaidia kufuata ndege. Kazi ya chuma, iwe choki, triga au bawaba, mpelekee fundi silaha mwenye leseni. Sisi tubaki na mbao, mpira, rangi na mafuta.

Sasa kitako. Vunja bunduki, yaani ifungue kwenye bawaba, angalia chemba (pale risasi inapokaa) kuwa haina risasi, kisha ingiza na kidole uhakikishe. Vaa shati lile lile unaloingia nalo porini. Simama, funga macho, pandisha bunduki begani, laza shavu kwenye ubao, ndipo ufungue macho. Ukiona mgongo mrefu wa mtutu mbele yako, ubao wa shavuni uko juu na risasi zitapita juu ya ndege. Ukiona chuma cha nyuma tu na kishaba cha mbele (kile kitone cha shabaha kwenye ncha ya mtutu) kimefichika, ubao uko chini. Ulio chini unainuliwa kwa vipande vyembamba vya ngozi, kimoja juu ya kingine, ukivifunga kwa tepu na kujaribu tena hadi kishaba kikae juu ya chuma bila wewe kukitafuta. Ulio juu unashushwa kwa msasa, kidogo kidogo, maana mbao iliyoondoka hairudi.

Urefu nao. Vitako vingi vya kiwandani vina kama sentimita 36 kutoka triga hadi nyuma. Kwenye uwanja wa wazi sawa, lakini vichakani huna nafasi ya kunyoosha mkono, na kitako kirefu kinanasa kwapani. Kipimo changu ni hiki: bunduki ikiwa begani, kati ya pua na kidole gumba kinachoshika shingo ya kitako pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Pakizidi hapo, fikiria kupunguza sentimita moja tu.

Kukata ndipo wengi wanapoharibu mbao nzuri. Kwanza toa bamba la nyuma utazame ndani, kwa sababu shotigani nyingi za mtutu mmoja zina bolti ndefu inayopita katikati ya kitako, na usipojua inapoishia utaikuta kwa msumeno. Zungusha tepu ya karatasi pale unapokata, chora mstari juu ya tepu, kata kwa msumeno wa meno madogo ukianzia upande wa juu. Tepu inashika nyuzi zisichanike. Pembe ya nyuma iwe ile ile ya zamani; ikibadilika, mdomo wa bunduki utainama au utanyanyuka kila unapopandisha. Matundu ya skrubu ya zamani yazibwe kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, mninga unafaa. Halafu ile sehemu iliyokatwa uilishe mafuta ya linsidi mpaka ikatae kunywa. Hewa ya Dar ina maji mengi, na mbao inayanywa zaidi kupitia kwenye ncha kuliko ubavuni. Usipoiziba, kitako kitavimba mvua za masika na kuachana na chuma wakati wa kiangazi.

Mpira wa nyuma unapunguza teke, lakini mpira mkavu unang'ang'ania shati. Mimi huenda kwa fundi viatu Gerezani, namwambia, "Fundi, nikatie soli laini kwa kipimo hiki, ukingo wa juu uuviringishe." Nikishaugundisha, ule ukingo wa juu naufunika kwa tepu nyororo ili uteleze unapopanda begani.

Kile kishaba cha mbele, kwenye kivuli cha miti kinazama. Kisugue kwa msasa laini, kifute kwa spiriti, kipake rangi nyeupe ya kucha tone moja. Mng'ao wa vanishi kwenye mbao uondoe pia, yabaki mafuta tu. Mkanda wa begani uwe wa kuchomoa. Ukifika kwenye mizabibu mwitu na miiba, uchomoe utie mfukoni, kwa kuwa kila tawi litaushika. Risasi za akiba ziweke kwenye lastiki pana ya Kariakoo iliyoshonwa kuzunguka kitako, mbali na mahali shavu linapolala.

Choki inastahili kueleweka hata kama huigusi mwenyewe. Mitutu mingi ya kizamani ina choki kamili, inayoweka karibu asilimia 70 ya marisawa ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 hivi. Vichakani unapiga kwa mita 15 hadi 20, na hapo duara lake ni kama sentimita 40 tu: ama unamkosa ndege, ama unamsaga asilike. Choki iliyofunguliwa hadi ukabaki mbano mdogo tu inatoa kama sentimita 65 kwa umbali huo, na hiyo ndiyo ya kumwomba fundi. Kwa kwale na kanga natumia marisawa namba 6. Soma pia maandishi ya mtutu: chemba ya milimita 70 haipewi risasi ya milimita 76, hata kama inaingia.

Thibitisha kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Pasua mfuko wa saruji, tumia karatasi ya ndani iliyo safi, weka alama katikati, piga kwa mita 20 kwa kupandisha haraka kama porini, usilenge kwa utulivu. Rudia kwa karatasi mpya kadhaa. Kundi la marisawa likipiga juu kupita alama kila mara, rudi kwenye ubao wa shavuni. Likienda pembeni, tazama jinsi nyuma ya kitako inavyokaa begani.

Ukiwa unapenya kichaka, tembea na bunduki ikiwa imevunjwa na mwenzako akiona chemba tupu. Weka risasi na kuifunga pale unapotokea penye nafasi ya kupandisha. Nyundo ya nje inanaswa na vijiti, na mtu wa mbele yako ana mgongo mmoja.

Ukirudi mjini, chumvi ya bahari haisubiri kesho. Pitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu usiku huo huo, paka grisi nyembamba kwenye pini ya bawaba, na usiilaze ndani ya mfuko wa ngozi au sponji, maana vinatunza unyevu. Isimame kwenye kabati la chuma lenye kufuli, mdomo ukiangalia chini ili mafuta yasishukie kwenye mbao.