Namna ya Kushughulikia Mzigo wa Ng'ambo Unaofika Baada ya Kurudishiwa Fedha

Mtu aliyenunua bidhaa mtandaoni kutoka nchi ya mbali, akaisubiri hadi akakata tamaa, akalalamika na kurudishiwa fedha zake, hushangaa siku mzigo uleule unapomfikia. Jambo hili hutokea mara nyingi, na chanzo chake ni kupishana kwa muda wa posta na muda wa malalamiko. Mzigo unaosafirishwa kwa meli huweza kuchukua miezi miwili au mitatu, na ukikwama forodhani huchelewa zaidi, ilhali masoko ya mtandaoni hayangoji meli: eBay humpa mnunuzi siku 30 baada ya tarehe ya mwisho ya makadirio ya kufika kwa mzigo, na huduma ya malipo ya PayPal hupokea malalamiko ndani ya siku 180 tangu siku ya malipo. Mnunuzi makini hulazimika kudai kabla muda haujaisha, hata kama anahisi kwamba mzigo bado uko njiani. Kupata fedha na bidhaa kwa pamoja hakumfanyi mtu kuwa mlaghai, ila kunyamaza baada ya hapo kunaweza kumfanya aonekane hivyo.

Wapo watakaokushauri ukae na vyote viwili kwa hoja kwamba sheria inamruhusu mtu kumiliki kitu alichotumiwa bila kukiomba. Sheria za aina hiyo zipo kweli: Marekani ilitunga yake mwaka 1970, na Umoja wa Ulaya una kifungu kama hicho katika maelekezo yake ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji. Lakini zilitungwa dhidi ya wafanyabiashara waliokuwa wakiwatumia watu vitu ambavyo hawakuviagiza kisha wakawadai malipo. Wewe uliagiza, tena kwa jina lako na kwa anwani yako, na muuzaji aliutuma mzigo kwa nia njema. Kwa hiyo usiegemee hoja hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuutambua mzigo kabla ya kuufungua. Piga picha za pande zake zote, hasa lebo yenye jina la mtumaji, tamko la forodha na namba ya kufuatilia mzigo, kisha uandike tarehe uliyoupokea. Namba inayofuata mfumo wa Umoja wa Posta Duniani huwa na herufi na tarakimu 13 kwa jumla: herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa, na mwishoni herufi mbili za nchi ulikotoka. Ilinganishe na namba iliyo kwenye oda yako. Usiipuuze hatua hii, kwa kuwa baadhi ya wauzaji, wanaposikia malalamiko, hutuma bidhaa ya pili badala ya fedha, au hufanya yote mawili kwa kuchanganyikiwa, na huenda ulichopokea ni mzigo wa pili huku wa kwanza ukiwa bado unakuja.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba fedha zimerudi kweli, kiasi gani, na kutoka kwa nani. Ujumbe usemao kwamba umerudishiwa fedha hautoshi; tazama taarifa ya akaunti au ya kadi yako, kwa kuwa fedha zinazorudi kwenye kadi huweza kuchukua siku kadhaa za kazi, na wakati mwingine hurudi kama salio la kununulia kwenye soko lilelile. Ukiona kwamba ulirudishiwa sehemu tu, mazungumzo yako na muuzaji yatahusu sehemu hiyo tu. Kisha chunguza aliyezitoa. Zikiwa zimetoka kwa muuzaji mwenyewe, utaanza naye. Zikiwa zimetolewa na soko kwa dhamana yake, utaliarifu soko pia. Zikiwa zimerudishwa na benki baada ya wewe kupinga muamala wa kadi, iarifu benki mapema iwezekanavyo, kwa sababu fedha hizo mara nyingi hutolewa kwa muda wakati uchunguzi unaendelea, na mtu aliyepokea bidhaa akaendelea kudai kwamba hakuipokea huhesabiwa kuwa ametoa taarifa ya uongo. Ukiwa na shauri benki, usimlipe muuzaji kabla benki haijakueleza namna ya kulifunga, la sivyo unaweza kujikuta umelipa mara mbili.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha shughuli yote, ni kumwandikia muuzaji. Mwandikie ndani ya siku mbili tatu, kupitia sehemu ya ujumbe ya soko lenyewe, ili pasije pakazuka ubishi baadaye kuhusu nani alisema nini na lini. Kumbuka pia kwamba muuzaji huenda akausoma ujumbe wako kupitia programu ya kutafsiri, kwa hiyo sentensi ziwe fupi, zisiwe na methali wala mzaha, na namba zote ziandikwe kwa tarakimu. Unaweza kutumia mfano huu:

"Ndugu Muuzaji, ninaandika kuhusu oda namba (andika namba). Nilirudishiwa fedha tarehe (andika tarehe) kwa sababu mzigo haukuwa umefika. Mzigo umefika leo. Namba yake ya kufuatilia ni (andika namba). Sijaufungua. Naomba uchague moja kati ya haya: unitumie ankara kupitia soko hili nikulipe, au unitumie lebo iliyolipiwa nikurudishie mzigo. Nimeambatanisha picha. Nitasubiri jibu lako kwa siku 14. Asante."

Ukiwa umeshaufungua, sema hivyo waziwazi na ueleze hali ya bidhaa. Ikiwa bidhaa ilikuwa na shughuli maalumu ambayo imekwisha kupita, au imeharibika safarini, hiyo ni sababu halali ya kuomba bei ipunguzwe au kukataa kuinunua tena. Ila sababu hiyo itolewe sasa, pamoja na picha, wala isingoje mpaka muuzaji adai fedha. Hadi mtakapoelewana, itunze bidhaa bila kuitumia, kuiuza wala kuigawa.

Muuzaji akichagua kulipwa, mwombe atume ankara au ombi la malipo kwa njia ileile mliyoitumia mwanzoni, na ulipe kwa sarafu iliyokuwa kwenye oda. Kubadilishwa kwa fedha mara mbili huweza kukupunguzia kiasi fulani, na hakuna ubaya kumweleza muuzaji hasara hiyo na kumwomba aipunguze kwenye ankara. Masoko mengine hayaruhusu kulipia oda iliyokwisha kufungwa, na hapo muuzaji huweza kuweka tangazo jipya kwa ajili yako. Kabla ya kulipa, hakikisha limeeleza kwamba hakuna bidhaa nyingine itakayotumwa. Usikubali kulipa kwa njia ya PayPal iliyokusudiwa ndugu na marafiki, kwa sababu malipo hayo hayana ulinzi wa mnunuzi, na kasoro ya bidhaa huweza kujitokeza wiki chache baadaye. Ujumbe ukikujia kwa barua pepe au simu kutoka kwa mtu anayedai kuwa ndiye muuzaji, akitaka utume fedha kwenye akaunti nyingine, usitume kitu. Rudi kwenye soko umuulize huko.

Akichagua kurudishiwa mzigo, gharama si yako, maana hukuomba mzigo uchelewe. Mzigo usiofunguliwa huweza kukabidhiwa posta tena ukiwa na maandishi kwamba mpokeaji ameukataa na urudishwe kwa mtumaji. Waulize kwanza kama wanaupokea baada ya wewe kuuchukua na kama kuna malipo. Mzigo uliofunguliwa utahitaji lebo mpya na tamko la forodha. Katika CN 22 na CN 23, yaani fomu za posta za tamko hilo, kuna kisanduku cha bidhaa zinazorudishwa: kitie alama, na katika maelezo utaje namba ya oda, ili muuzaji asitozwe ushuru kana kwamba anaingiza bidhaa mpya. Ikiwa wewe mwenyewe ulilipa ushuru wakati wa kupokea, ulizia ofisi ya forodha kuhusu kurejeshewa kabla mzigo haujaondoka, kwa sababu madai ya aina hiyo kwa kawaida huhitaji uthibitisho kwamba bidhaa imetoka nchini. Stakabadhi ya kutuma usiitupe hadi muuzaji athibitishe kuupokea.

Muuzaji huweza pia kusema ubaki na bidhaa, hasa pale gharama ya kuirudisha inapozidi thamani yake. Jibu hilo liwe la maandishi, na ulipige picha ya skrini, kwa kuwa ujumbe wa masokoni huweza kufutwa baada ya muda.

Lililo gumu zaidi ni ukimya. Siku 14 zikipita bila jibu, andika mara ya pili ukirejelea ujumbe wa kwanza. Akinyamaza tena, au akaunti yake ikiwa imefungwa, peleka suala kwa huduma ya wateja ya soko, uwaeleze tarehe za barua zako mbili, na uwaombe wakuambie kwa maandishi kama oda hiyo ina deni lolote na ni nani anayestahili kulipwa. Sheria za nchi hutofautiana kuhusu muda ambao mtu anapaswa kuitunza mali ambayo mwenyewe haji kuichukua, kwa hiyo kwa bidhaa ya thamani kubwa muulize mwanasheria au chombo cha kutetea walaji kabla ya kuanza kuitumia. Hata baada ya hapo, tenga kiasi ulichorudishiwa kwa miezi kadhaa, kwa sababu muuzaji aliyepoteza kumbukumbu huweza kujitokeza tena na namba ya mzigo inayoonyesha kwamba ulipokelewa kwa saini yako.