Namna ya kuondoa gundi kwenye wembe mpya bila kuharibu makali

Ukifungua wembe mpya wa makali mawili ukaukuta una madoa yanayonata, usikimbilie kuurudisha dukani. Kiwandani nyembe nyingi hushikizwa kwenye karatasi zake kwa matone madogo ya nta au gundi, ili wembe usicheze ndani na makali yasisuguane na karatasi njiani. Matone hayo hukaa kwenye bapa, mbali na makali. Kwetu hapa Unguja pakiti huweza kushinda kutwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la Darajani. Nta hulainika, hutambaa, na ukibandua karatasi nusu yake inabaki kwenye chuma.

Vijana hunionesha wembe wakaniuliza, "Ami, hii si kutu?" Huwajibu, "Ikwangue kwa ukucha hapo katikati, mwanangu." Gundi inavutika au inatoka kama ukoko mweupe au wa manjano. Kutu ni ya kahawia, imeng'ang'ania, na ukiipapasa unasikia mikwaruzo. Wenye kutu utupe, usiusafishe.

Yenyewe gundi haina neno kwa ngozi. Ubaya wake ni kwamba wembe una unene wa takriban milimita 0.1 tu, na mashine ya kunyolea ya mkono huupinda kidogo kati ya kifuniko cha juu na kitako. Tone likibaki upande mmoja, wembe haulali sawa: kushoto makali yametokeza, kulia yamejificha. Huko kulikotokeza ndiko kunakokata kidevu. Halafu gundi huhamia kwenye kitako, wembe unaofuata nao unaongeza yake, na mwisho unalaumu nyembe kumbe mashine imejaa uchafu.

Andaa kikombe cha maji moto, spiriti ya duka la dawa, pamba, kibano na mswaki mkuukuu.

Hatua ya 1. Nawa mikono, uikaushe. Shika wembe kwenye ncha zake fupi, kule kusiko na makali, na ubandue karatasi taratibu kuelekea upande mmoja. Ukiivuta kwa pupa wembe huteleza vidoleni.

Hatua ya 2. Uinamishe kwenye mwanga uone madoa yako wapi. Geuza, tazama na bapa la pili. Kama hakuna kitu, acha. Ufunge kwenye mashine unyoe. Kusafisha wembe uliokwisha kuwa safi ni kuuchezea bure.

Hatua ya 3. Ushike kwa kibano kwenye ncha fupi, uuzamishe kwenye maji moto kwa muda mfupi. Maji ya chupa ya chai yanatosha, maana nta nyingi huyeyuka kabla maji hayajafika kuchemka. Utoe, uukung'ute. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Hatua ya 4. Ikiwa doa limebaki, hiyo ni gundi ngumu. Weka wembe juu ya sahani, chovya pamba kwenye spiriti, igandamize juu ya doa tu na uiache kidogo. Kisha futa kwa kufuata urefu wa wembe, kutoka ncha fupi hadi ncha fupi, ukibaki katikati penye matundu. Usivuke kwenda kwenye makali hata mara moja.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Makali ya wembe wa kisasa yamepakwa tabaka jembamba sana la plastiki ya jamii ile ile ya kikaango kisichoshika chakula, na ndilo linalofanya wembe uteleze usoni. Wembe haukufanywa upanguswe kwa taulo. Ukiuburuza kwenye kitambaa unachubua tabaka hilo na kupinda ncha za makali ambazo hata kwa macho huzioni. Mtu akishafanya hivyo analalamika kuwa wembe mpya unavuta ndevu. Unyevu ukikusumbua, uchovye wote kwenye spiriti na uuache ukauke wenyewe kwenye ncha ya kibano. Hukauka upesi.

Spiriti huwaka. Umeme ukikatika, kazi hii usiifanye kwa mshumaa.

Wapo wanaotumia mafuta ya taa. Yanatoa gundi, sikatai, lakini harufu yake inabaki na usoni yanawasha. Petroli ndiyo usiiguse kabisa. Gundi sugu ipake tone la mafuta ya nazi, iache ilainike, kisha osha kwa maji moto na sabuni.

Hatua ya 5. Fungua mashine vipande vyote na usugue kitako na uvungu wa kifuniko kwa mswaki na maji ya sabuni, hasa kwenye vile vipini vinavyoingia matundu ya wembe. Suuza.

Hatua ya 6. Funga wembe, kaza mpini, kisha itazame mashine kutoka juu. Makali yanayoonekana pande zote mbili yawe sawa. Kama hayako sawa, legeza, ukalishe upya.

Kwa vinyozi wenzangu tunaotumia kisu cha kubadilisha wembe, gundi inasumbua zaidi, kwa sababu nusu ya wembe inabanwa kwenye mwanya mwembamba na doa dogo linaipinda. Vunja wembe ungali ndani ya karatasi yake: ukunje kwa urefu mpaka ulie, ndipo ufungue. Nusu utakayotumia ipitishe hatua ya 3 au ya 4 mapema, isiwe mteja keshakaa na povu usoni, maana Ijumaa asubuhi watu wamejaa na hakuna atakayekungoja. Mbele ya mteja ioneshe kuwa ni mpya, na akishuka kitini itie kwenye kopo la chuma lenye mfuniko uliotobolewa. Haimnyoi mtu wa pili.

Nusu iliyobaki irudishe kwenye karatasi, upande wenye gundi ukielekea pale pale ilipokuwa, kisha uiweke kwenye boksi kavu mbali na dirisha. Hewa ya chumvi ya Mji Mkongwe, hasa Masika, haisubiri.