Somo: Wataka kusomea maliasili na uhifadhi chuo cha praivet? Ulizia matope kwanza

Haya jamani, tangu matokeo ya fomu foo yatoke naulizwa swali moja tu, ati kozi ya maliasili na uhifadhi kwa chuo cha praivet ni ya maana ama ni kutupa pesa. Mimi niliisoma nikamaliza, kwa hivyo naandika mara moja yaishe.

Kwanza, chuo kiwe kwa listi ya CUE, ile tume ya serikali ya elimu ya vyuo vikuu. Usiishie hapo, manake chuo chaweza kuwa na chata, yaani kibali kamili cha chuo kikuu, na kozi yenyewe haijapitishwa, ingia uitafute jina neno kwa neno. Digrii wataka C+ kwenda juu, ukiwa na C- anza na diploma, si aibu. Na hesabu usiikimbie, takwimu zitakufuata mpaka projekti ya mwisho.

Pili pesa, hapa ndipo wengi twakamatwa. Mimi nilipewa karatasi safi ya fii, mamangu akapiga hesabu ya chama chake akasema tutaweza. Semista ya 3 twaambiwa safari ya fild kila mtu ajilipie, nauli ya basi, kulala, kiingilio cha hifadhi, na kwa karatasi hakukuwa na hayo. Nilibaki Kongowea nikinakili data za wenzangu, nikaandika ripoti ya mahali sijawahi kukanyaga na nikapata B, hebu fikiria! Kwa hivyo uliza safari ni ngapi, nani alipa, na wakuandikie. Mkopo wa serikali wa HELB waeza kuomba hata ukiwa praivet, basari ya kaunti na ya CDF, ile hazina ya eneo bunge, zifuate mapema.

Tatu, na hii ndio kubwa, kabla hujalipa mtafute mwanafunzi wa mwaka wa 3, si yule wa ofisi ya admishoni mwenye tai, umuulize viatu vyake viliingia matope mara ya mwisho lini. Sisi hapa Mombasa tuna darasa la bure: mikoko ya Tudor na Mikindani, Marine Park iliyotengwa 1986, Haller Park pale Bamburi ambapo shimo la kwari ya simiti lilianza kupandwa mivinje 1971 mpaka likawa msitu, KMFRI, watafiti wa bahari na samaki wa serikali, nao wako Mkomani. Chuo kiko Mombasa na bado chakufundisha mikoko kwa slaidi, kikimbie.

Nikupe mfano. Darasani waambiwa unene wa mti wapimwa mita 1.3 toka chini. Nikashuka Tudor na tepu yangu, kufika kwa mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya kaa, hapo mita 1.3 ni mizizi mitupu, shina halijaanza! Mzee mmoja aliyekuwa mkata boriti zamani alikuwa anicheka tu. Kumbe huo wapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Huyo mzee ndiye alonitenganishia aina za mikoko, mchu, mkandaa, muia na mlilana, kwa kushika majani tu.

Nne, atachimenti, yaani mazoezi ya kazini. Tuma barua miezi 3 au 4 kabla, KWS (wanyamapori), KFS (misitu), KMFRI, NEMA (mazingira), na bima ya ajali uwe nayo tayari.

MASWALI

Mama Swabra: Mwanangu avaa buibui, huko kwa matope ataingia vipi?

Shikamoo mamangu. Suruali ndani, buibui alikunje kiunoni, na raba za kufunga kamba, sandali zitamezwa. Aangalie maji tu, bamvua lapwa mbali lakini likirudi halingoji mtu. Na kule Gazi, Kwale, kina mama wapanda mikoko miaka mingi, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 wauza kaboni, yaani walipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko, na pesa zaingia kwa maji na skuli za kijiji.

Kijana wa Likoni: Kazi ziko ama ni urenja tu?

Urenja nao ni kazi bwana. Ila usidanganywe ati ukigradueti kesho waandika ripoti za EIA, zile za kupima athari za mradi kwa mazingira, lazima NEMA ikusajili kwanza. Mimi nilianza na kuhesabu miche naseri, nikilipwa nauli tu. Jifunze kuchora ramani kwa kompyuta, programu ya QGIS ni bure.

Bin Salim: Kaka nshalipa dipoziti na kozi siioni kwa listi ya CUE.

Usiongeze hata shilingi. Waandikie chuo wakuonyeshe barua ya kupitishwa, na CUE uwaulize pia. Risiti unayo lakini?

Bin Salim: Iko kwa picha kwa simu, yenyewe ilifuliwa na suruali.

Basi kaiprinti leo, kabla simu nayo haijaanguka feri.